Kila Mtu Husifu Springi

Trei ya mayai huwa na mayai 30 inapofungwa nyuma ya pikipiki. Idadi itakayofika sokoni ni suala la imani. Kwa anayeishi Kitui au Makueni mbali na lami, hesabu hii haihitaji maelezo. Maziwa hupakiwa yakiwa maziwa, yakashushwa yakiwa njiani kuwa siagi. Embe aina ya Apple lililochumwa gumu hufika limelainika upande mmoja, na mnunuzi akaambiwa hiyo ndiyo dalili ya utamu. Abiria wa tatu, aliyepewa kiti juu ya kichuma cha kubebea mizigo, hushuka akitembea kwa mwendo ambao hakuondoka nao nyumbani. Mkasa wa aina hii ukitokea, lawama hugawanywa papo hapo kwenye steji. Barabara hupata fungu la kwanza, serikali la pili, dereva la tatu, na kikibaki kidogo hupewa kuku kwa kutaga mayai yenye maganda mepesi. Shoki haipewi chochote, na hilo si haki, maana mara nyingi ndiyo mshukiwa mkuu. Tena hata siku inapotajwa, sehemu yake inayosifiwa siyo inayofanya kazi kubwa. Tunasifu springi na kusahau oili. Nadai kwamba kosa hili ndilo linalovunja mayai yetu, na kwamba dawa yake ya haraka, rahisi na isiyomvunja mtu mbavu ni kuunda na kutunza shoki za gari dogo la kuchezea: lile linaloendeshwa kwa rimoti, au ndugu yake wa waya na kopo anayesukumwa na mtoto akirudi kutoka shuleni.

Tuanze na kazi ya kila mmoja ndani ya shoki. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubanwa na kuweka nguvu akiba. Jiwe likipita, springi huirudisha nguvu hiyo karibu yote, haikati hata ya nauli. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu hakuna aliyeomba irudishwe. Pikipiki hurushwa juu, ikashuka, springi ikabanwa tena na kurusha tena, na ngoma hiyo huendelea mpaka msuguano wa vyuma uichoshe au jiwe jingine liongeze ubeti. Anayekatiza ngoma ni oili. Ndani ya silinda ya shoki mna pistoni yenye matundu madogo. Pistoni ikisukumwa, oili hulazimika kupenya kwenye matundu hayo kwa shida, na shida hiyo hugeuza mrusho kuwa joto. Springi hubeba mzigo; oili humaliza ugomvi. Ndiyo maana kuna kipimo cha bure kisichohitaji mashine wala stakabadhi. Baada ya kipande kirefu cha barabara mbovu, simamisha pikipiki, sogeza kiganja karibu na shoki zote mbili za nyuma, ukijihadhari na ekzosi. Yenye joto imefanya kazi. Iliyo baridi imekuwa abiria.

Ushahidi ulio wazi zaidi juu ya jambo hili haukutoka kwa wahandisi wa malori bali kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea. Mwaka 1984 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa magari mawili ya rimoti ya kukimbia kwenye vumbi, Grasshopper na Hornet, kila moja likiwa sehemu moja ya kumi ya gari la kweli. Yalikuwa ya ukoo mmoja, kwa hiyo yanafaa kulinganishwa. Grasshopper lilitegemea springi tupu. Likigusa kokoto lilianza kudunda na kuendelea kudunda wakati mwenye rimoti ameshageukia mambo mengine. Hornet lilipewa shoki za oili nyuma. Kudunda hakukuisha, lakini kulipata mpaka. Mtu makini atapinga hapa kwamba Hornet lilikuwa pia na mota yenye nguvu zaidi, hivyo mashindano si sawa. Ni kweli, na jambo hilo linaipa hoja yangu nguvu: lililokimbia zaidi ndilo lililohitaji kutulizwa zaidi, na waliolitengeneza walilijua hilo. Mwaka huohuo Team Associated ya Marekani ilitoa RC10, gari lenye shoki za oili kwenye magurudumu yote manne, silinda zake za alumini, na tangu hapo ni nadra mshindani wa maana kuingia uwanjani na springi tupu. Swali lililomalizwa na watu wa vitu vya kuchezea miaka mingi iliyopita bado linatusumbua sisi tunaobeba binadamu.

Gari la rimoti si bidhaa inayowekwa rafu moja na unga na sabuni katika duka la kijijini, na hapa baadhi ya wasomaji watataka kufunga ukurasa. Wasubiri kidogo. Katika vijiji vya Ukambani, eneo la Kitui na Makueni, kuna kiwanda cha magari kisichojua mgomo. Malighafi yake ni waya, kopo la mafuta ya kupikia, ndala iliyokata roho na mti mrefu wa usukani. Magurudumu hukatwa kwenye ndala, ekseli hutoka kwenye waya mnene, na springi, pale fundi anapotaka kuringa, hutoka kwenye kalamu ya biro ya mwenzake. Gari hilo lenye springi ya biro hudunda vizuri sana. Ili kumfanya mtoto aone kinachokosekana, mpe sirinji mpya isiyo na sindano kutoka duka la dawa, wala asiiokote popote. Aijaze maji, kisha asukume polepole. Maji hutoka bila ubishi. Aijaze tena, asukume kwa hasira. Sirinji hukataa, kidole gumba huuma, na maji hutoka kwa kiasi ambacho tundu limeruhusu. Akibadilisha maji kwa oili, ukaidi huongezeka. Hapo ameshapata somo zima: oili haipingi mwendo, inapinga haraka. Inauruhusu mzigo ushuke taratibu na kuuzuia usirushwe ghafla. Watoto wanaounganisha sirinji mbili kwa mrija mwembamba na kutengeneza mkono wa tingatinga la maboksi tayari wamefika nusu ya safari. Kilichobaki ni kuwaambia kwamba walichokishika ni nusu ya shoki.

Shoki kamili ya gari la rimoti nayo si kitu cha ajabu. Ni silinda yenye urefu wa kidole, fimbo nyembamba iliyong'arishwa, pistoni ndogo ya plastiki yenye matundu, oringi mbili za kuzuia oili isitoroke, kifuniko, springi ya nje, na vijiklipu viwili vyenye umbo la herufi E vya kuishika pistoni isichomoke. Hapa kwenye vijiklipu ndipo elimu ya subira inapotolewa. Kijiklipu hicho ni kidogo kuliko punje ya ndengu, na kimejaa kiburi. Kikibanwa vibaya na koleo huruka, na hakuna aliyewahi kuona kimeanguka wapi. Uwanja ukiwa umefagiliwa, kuku hukipata kwanza. Wanaojua hukibana wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili kikitoroka kitorokee ndani. Baada ya hapo fimbo huvutwa chini mpaka mwisho, silinda huwekwa wima, oili humiminwa, kisha fimbo husukumwa juu na chini polepole. Viputo huanza kupanda. Hao ni wageni wasiotakiwa, kwa sababu oili haibanwi lakini hewa hubanwa: pistoni ikikutana na kiputo huteleza bure, na sehemu ya kwanza ya kila pigo hupita bila kupingwa. Shoki inapaswa kuachwa isimame dakika kadhaa viputo vitoke. Ni wakati huu ambapo mwenye haraka hufunga kifuniko, na ni huyohuyo ambaye jioni atasema oili ya siku hizi ni feki.

Kosa la pili ni kinyume cha haraka, nalo ni ukarimu. Kwetu kikombe cha mgeni hujazwa mpaka chai imwagike kwenye sosa, na aliyejaza nusu huulizwa kama nyumba ina njaa. Shoki si kikombe cha mgeni. Fimbo inapoingia ndani ya silinda inachukua nafasi, na oili iliyokuwa hapo lazima isogee. Kama silinda imejaa mpaka mdomoni, haina pa kusogea, na kwa kuwa haibanwi, shoki hugoma katikati ya safari yake. Ndiyo maana shoki za rimoti huwekewa kiasi kidogo cha hewa juu, au kipande cha mpira laini chini ya kifuniko kinachobonyea kuipisha oili. Kanuni hiyohiyo imo katika shoki za mbele za pikipiki: juu ya oili lazima ibaki nafasi ya hewa. Mwenye pikipiki anayemwambia fundi ajaze mpaka juu, aongeze na ya bure, anapata shoki ngumu isiyoshuka, na shimo kubwa la kwanza huitafutia oili njia kupitia kwenye sili. Kisha sili hulaumiwa kwa kuwa dhaifu. Kwenye gari dogo, kosa hili hugharimu matone machache ya oili na kicheko. Kwenye pikipiki hugharimu sili mbili, nusu siku ya kazi, na heshima ya yule aliyesema kuongeza hakudhuru.

Kuunda ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutunza, na hapo ndipo tunapoanguka wote. Vumbi la Kitui na Makueni halina dharau; hukaa juu ya meza ya chakula na juu ya fimbo ya shoki kwa usawa. Oili kidogo ikivuja na kukutana na mchanga laini kwenye fimbo, hutokea uji unaosaga. Kila fimbo inapoingia na kutoka, uji huo unakwaruza chuma na kula mpira. Mkwaruzo huongeza uvujaji, uvujaji huita vumbi zaidi, na mwenye chombo anaona jambo moja tu: shoki inatoa jasho. Mpenzi wa magari ya rimoti hulikwepa hili kwa kitambaa kikavu kila baada ya mchezo, na wengine huvisha fimbo kipande cha puto. Kwenye pikipiki kazi hiyohiyo hufanywa na mpira wa kukunjakunja unaofunika fimbo za mbele, ambao ukichanika wengi huutoa kabisa kwa sababu unaharibu sura. Kisha kuna suala la oili yenyewe. Ya magari madogo ni silikoni, inayouzwa kwa vipimo vya uzito na isiyobadilika sana kwa baridi ya asubuhi au jua la saa nane. Asiyekuwa nayo hujaribu ya kupikia. Siku mbili tatu mambo ni shwari, na gari linanukia mandazi. Baadaye mafuta hayo huganda na kunata kama gundi, matundu ya pistoni yakaziba, na shoki ikawa fimbo tu. Oili ya breki nayo huila mipira mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya petroli. Anayetia chochote chenye utelezi ndani ya shoki amechanganya kulainisha na kutuliza, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Pingamizi la kwanza nalijua kabla halijatamkwa: barabara ndiyo mbovu, na ikitengenezwa shoki hazitakuwa na kesi. Pingamizi hili lina heshima yake, kwa sababu barabara kweli ni mbovu. Lakini tuangalie ubovu wenyewe. Mwaka 2007 wanafizikia wa Kanada, Ufaransa na Uingereza walichapisha utafiti juu ya yale mawimbi madogo yanayojipanga kwenye barabara ya vumbi mithili ya bati. Walichukua meza ya mviringo iliyojaa mchanga, wakaizungusha chini ya gurudumu moja, wakatazama. Mawimbi yalitokea yenyewe. Yalitokea hata gurudumu likiwa halina springi yoyote, mradi mwendo umepita kiwango fulani, na kiwango hicho ni kidogo mno kwa mtu mwenye haraka. Maana yake ni kwamba juu ya barabara kavu ya changarawe, mawimbi si hujuma ya mtu. Ni tabia ya mchanga na magurudumu. Greda likipita leo, gari aina ya Probox lililojaza watu hadi buti pamoja na pikipiki za kesho zitaanza kuyachonga upya. Tudai lami, na tuendelee kuidai. Lakini njia ya kutoka kwenye lami hadi nyumbani, ile inayokatiza mto wa mchanga usio na maji miezi mingi, itabaki ya mchanga kwa muda mrefu. Anayengoja barabara ndipo aitunze shoki ataitunza akiwa hana mgongo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenye mizigo. Wanasema oili ni mambo ya starehe, na kwamba mbeba magunia anahitaji springi ngumu, basi. Wengine humwomba fundi aizungushe ringi ya chini ya springi mpaka ngazi ya mwisho. Wengine huchomeka vipande vya tairi kuukuu kati ya mapindi. Tuwajibu kwa utulivu. Kuizungusha ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu, kwa sababu springi imebanwa mapema. Gunia likipakiwa, pikipiki haitainama sana, na hilo lina faida yake, lakini mrusho haujaguswa. Vipande vya tairi ni tofauti. Hivyo kweli huiongezea springi ugumu, maana mapindi yanayofanya kazi yamepungua, na hapo ndipo mtego ulipo. Springi ngumu zaidi hurudisha nguvu kwa ukali zaidi, hivyo inahitaji oili ya kuituliza zaidi, siyo kidogo. Oili ikiwa ileile iliyochoka, mwenye mzigo ameongeza mwasi na kumpunguza askari. Kwenye gari la rimoti jambo hili huonekana kwa dakika moja: badilisha springi laini kwa ngumu bila kugusa oili, liachie gari kutoka kimo cha goti, na utaliona likiruka tena baada ya kutua. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Springi ikisifiwa, mayai hupata ufa.

Kuna na wanaosema kwamba haya ni mchezo wa watoto na hauwezi kumfundisha mtu mzima juu ya chombo cha kweli. Wana hoja nusu. Ukubwa hubadilisha mambo. Gari dogo lina uzito mdogo na hutikisika kwa haraka zaidi. Shoki yake haichemki kama ya basi kwenye barabara mbovu. Oili inayolifaa haitafaa kwenye Probox. Anayechukua namba za gari la rimoti na kuzipeleka gereji atapata aibu. Lakini kanuni hazibadiliki: hewa ndani ya oili ni hasara, kujaza kupita kiasi ni kosa, vumbi ni adui, shoki za kushoto na kulia zapaswa kulingana. Na kanuni moja zaidi ambayo watu wazima hujifunza kwa gharama: oili nzito kupita kiasi nayo ni balaa, kwa sababu gurudumu likishabanwa juu halirudi chini kwa wakati, na kufikia wimbi la tatu shoki imekwama juu, ngumu, haina nafasi. Kwa anayetaka ushahidi wa watu wazima, mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yanatosha. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Dereva Joginder Singh aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Katika mashindano ya aina hiyo, ya siku kadhaa juu ya vumbi, matope na mawe, ushindi ulianza na kufika. Gari lisilotulia juu ya magurudumu yake halikufika, hata likiwa na kasi ya kuitisha tai.

Pingamizi la mwisho linaumiza zaidi, nalo ni la pesa na la mafundi. Shoki nyingi za nyuma za pikipiki hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa moja kwa moja, hazikukusudiwa kufunguliwa. Mafundi wetu wa jua kali hawatambui kusudio hilo. Huzifungua, huzijaza, huchomelea, na shoki ikarudi barabarani. Ubunifu huo ni wa kusifiwa, na unathibitisha ninachosema: fundi aliyetoboa shoki ili airudishie oili anajua vizuri kuliko mteja wake kwamba springi peke yake haitoshi. Ila kuna shoki zenye gesi iliyoshindiliwa ndani, na hizo hazipaswi kukatwa wala kuchomelewa, kwa kuwa zinaweza kulipuka usoni. Hapo ubunifu ukae pembeni, shoki mpya inunuliwe. Na zinunuliwe mbili. Desturi ya kubadilisha moja kwa sababu nyenzake bado inapumua huzaa chombo kinachotulia upande mmoja na kucheza upande mwingine, na abiria wake hufika akiwa ameelemea. Kuhusu gharama, jibu ni kuangalia hesabu nzima. Oili na sili za shoki za mbele hubadilishwa kwa pesa zisizolingana na trei chache za mayai, kabati la vyombo lililofika likiwa mafumbo, au dawa za mgongo za mwezi mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe siku hizi unauzwa kwa bei ya simenti.

Basi ninachopendekeza si kikubwa. Vyuo vya ufundi vya Kitui na vya mji wa Wote kule Makueni, na gereji zinazolea wanagenzi, viweke shoki moja ndogo ya oili kwenye meza ya somo la kwanza, kabla mwanagenzi hajapewa spana na pikipiki ya mtu. Aifungue, apoteze kijiklipu, aitafute, aijaze kupita kiasi, aone inavyogoma, aimwage, aijaze vizuri. Makosa yote atakayoyafanya kwenye shoki hiyo hayatamwangusha mama mjamzito anayewahishwa zahanati. Mtaala wa sasa unaowataka watoto waunde vitu kwa mikono unawapelekea wazazi maagizo ya maboksi na gundi saa tatu za usiku. Ukiagiza sirinji moja na springi ya biro, angalau kitakachoundwa kitamfaa baba anapokwenda gereji. Na walimu wanaopeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi wanaweza kuwaachia volkano za soda wengine, wao wakapeleka gari la waya lisilodunda.

Kwako msomaji mwenye pikipiki, au unayeipanda ya mwenzako, jaribio la kuanzia ni hili. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako wote, kisha achia. Ikipanda mara moja na kutulia, fungeni mayai mwende. Ikiendelea kupanda na kushuka, au fimbo zikiwa zimelowa oili na vumbi, ipeleke kwa fundi leo, na akikuuliza kama akaze springi, mwambie: fundi, anza na oili.